Kinyundo cha Ilimba

Ihumwa, alasiri

Mwanangu Nyemo,

Mama yako na mkeo Upendo wamekwenda soko la Majengo kununua karanga za safari na unga wa uwele, kwa sababu mama yako haamini kwamba mtu anaweza kukaa Ulaya wiki saba bila unga wa uwele na akarudi na akili zake. Wewe umepanda bodaboda kwenda Hombolo kumuaga shangazi yako. Nyumba nimebaki nayo mimi na kuku. Nimechukua daftari langu la kamati ya maji, nikachana kurasa za nyuma ambazo hazijaandikwa, nikuandikie jambo ambalo nikikutazama usoni sitalisema.

Mambo ya makoti, pasipoti na dawa za tumbo sitayagusa. Mama yako ameshakuambia mara tatu, na kesho mkiwa kwenye treni atakupigia simu akuambie mara ya nne. Mimi nataka kukuambia kwamba nina wivu.

Nakuonea wivu. Ngoja niliandike vizuri neno hilo, maana nimezoea kulimeza. Siku mwaliko ulipoingia kwenye simu yako ulikuja mbio shambani, unahema, ukanionyesha: nchi tatu, wiki saba, wewe na mkeo mkaimbe. Nikasema Mungu ni mwema, nikarudi kupalilia. Wewe ukadhani baba amefurahi mpaka amekosa maneno. Nilipofika mwisho wa mstari na kugeuka nyuma, nikaona nimekata karanga zangu pamoja na magugu. Nilikuwa nafikiri kwamba huyu hajafikisha miaka thelathini, anajua Kiingereza, ana simu ya kumwonyesha njia, na watu wa kule wamekwisha kumsikia mtandaoni kabla hajakanyaga kwao. Mimi nilikwenda na begi lililoshonwa zipu kwa uzi wa gunia. Nilimwonea wivu mtoto wa kumzaa mwenyewe, na kwa aibu hiyo sikula siku ile.

Wivu huo usikusumbue. Utaisha treni ya asubuhi ikishaondoka, au utapungua. Ninaotaka kukuandikia ni ule mwingine, ambao nimeubeba tangu ukiwa na miaka sita, na ambao jana nimeuona mikononi mwako.

Mlikuwa uani mnafanya mazoezi. Mimi nilikuwa nyuma ya kihenge nalitia jembe mpini, hamkuniona. Upendo aliingia jikoni kuepua maharage. Alipotoweka tu, ukatoa kinyundo kwenye mfuko wa ilimba, kile nilichokitengeneza kwa kichwa cha msumari wa reli, ukagonga ncha za vyuma vitatu vya upande wa kulia. Mara moja moja, kidogo tu. Ukakirudisha kinyundo mfukoni na kuifuta ilimba kwa pindo la shati. Aliporudi mkaanza tena, na alipofika pale juu kwenye mwito, mshipa wa shingo ulimsimama, sauti ikapasuka. Akacheka, akasema labda ni moshi wa jikoni. Nawe ukamwambia kwa upole kabisa, "Pumzika kidogo, mke wangu. Sauti yako leo haiko sawa."

Mpini uliniponyoka ukaniangukia mguuni. Usiniambie kwamba ulikuwa unairekebisha kwa sababu ya joto. Ilimba hiyo nimeichonga mimi ubao wake na kuipanga vile vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba, najua joto linaifanya nini. Na maneno uliyomwambia mkeo niliwahi kumwambia mke wangu, karibu neno kwa neno, nikiwa Ujerumani.

Najua pia jambo hilo lilikotoka. Jumapili, waumini walipokuwa wanawaaga, niliona jinsi walivyomzunguka Upendo. Akina mama wanamwita fahari ya Ihumwa, vijana wanataka kupiga naye picha. Mmoja akakuomba usogee. Halafu, kwa kuwa ulikuwa umesimama tu, akakupa simu yake uwapigie wewe hiyo picha. Ukapiga. Ukapiga na ya pili, kwa sababu katika ya kwanza mtu mmoja alifumba macho. Ulikuwa unatabasamu, na mimi peke yangu katika uwanja ule nilijua lile si tabasamu. Nimelivaa miaka mingi.

Sasa nisikilize, baba. Wewe unajua kwamba wazazi wako waliimba nje ya nchi mara mbili kisha wakaacha. Ukimuuliza mama yako kwa nini, anasema koo lilichoka. Ukiniuliza mimi, nasema muulize mama yako. Hicho ndicho kisa chote ulichopewa, na nusu yake ni uongo.

Roda, mama yako, nilimkuta akipiga muheme. Unajua ngoma ile kwetu ni ya wanawake, wanaibana mapajani na kuipiga huku wameinama kidogo, na wengi wakiipiga hawawezi kuimba kwa wakati mmoja, pumzi haitoshi. Yeye alipiga na kuimba, na bado alipata nafasi ya kumcheka mpiga zeze aliyekuwa anapotea. Mimi nilikuwa na ilimba ya kurithi kwa mjomba. Nilimfuata siku nzima kama ndama. Tulipooana tukaanza kuitwa kwenye harusi, halafu kwenye sherehe za serikali, na kila mahali nilijitambulisha mimi. Hata jina nililitunga mimi: Yona na Mkewe. Watu walilipenda, wakaona ni la utani. Roda naye alicheka. Mimi sikuwa natania.

Siku moja tuliimba kwenye mahafali kule Hombolo. Alikuwepo mgeni mmoja, mwalimu wa muziki kutoka Denmaki, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe. Tulipomaliza alikuja moja kwa moja mpaka tulipokaa, akampita aliyekaa mbele, ambaye ni mimi, akamshika mkono Roda kwa mikono yake yote miwili. Miezi kadhaa baadaye mwaliko ukaja.

Safari ya kwanza ilikuwa nzuri. Siwezi kusema uongo. Tulikuwa wageni wa kila kitu, tukishikana mikono kwenye ngazi zinazotembea zenyewe. Kila ukumbi mama yako aliwafundisha watu kuitikia salamu yetu. Anawaambia "Mbukwenyi," nao mia na kitu wanaitika "Mbukwa," wanacheka, wanarudia. Baada ya hapo wanakuwa wake. Sikuona ubaya. Nilidhani ni kitu chetu sote wawili, kwamba wakimpenda yeye wamenipenda na mimi.

Safari ya pili, Ujerumani, ndipo nilipoanza kuhesabu nani ametazamwa. Tulishuka kwenye treni katika mji wa kwanza, nikaona tangazo letu ukutani. Lilikuwa na picha ya Roda, mdomo wazi, macho yamefumba, ngoma iko mapajani. Pembeni kulikuwa na ilimba, na kiwiko cha mtu. Kile kiwiko ni mimi. Mama yako alifurahi, akaomba moja akuletee wewe uone. Nililiweka mwenyewe chini ya nguo kwenye sanduku, na siku tulipohama hoteli ile nililitoa nikaliacha kwenye pipa la taka, nikamwambia limepotea. Alilitafuta mpaka kwenye viatu.

Kisha yakafuata mambo madogo madogo, ambayo nikiyaandika hapa unaweza kucheka. Fundi wa mitambo alipotaka kumfunga kipaza sauti kwenye blauzi alimuomba ruhusa yeye, si mimi. Maua aliletewa yeye. Akinipa mimi niyashike, watu waliniona nimeshika maua wakanipigia makofi kidogo, kwa huruma. Tulipokuwa tunakula na wenyeji waliongea naye kwa mikono na kwa kicheko, na yeye, ambaye hakumaliza darasa la saba, alielewana nao bila lugha. Mimi niliyekuwa nimejifunza maneno arobaini ya Kijerumani kwa daftari sikuulizwa hata moja. Nilianza kulala nimegeukia ukuta. Akiniuliza nina nini nasema ni baridi.

Siku moja alikuja mwandishi wa redio. Mkalimani alikuwa dada mmoja wa Tanga aliyeolewa kule, mcheshi, mkarimu. Walizungumza na Roda muda mrefu: alijifunzia wapi, mama yake aliimba nini, anajisikiaje akiwa jukwaani. Mimi nikakaa na ilimba magotini, nimejiandaa. Nilikuwa na jibu zuri kuhusu mti ninaochonga na kuhusu ule utando wa mayai ya buibui tunaoubandika kwenye tundu la ilimba ili sauti ikwaruze. Mwishoni kabisa yule mwandishi akanigeukia, akasema kitu kifupi. Dada wa Tanga akanitafsiria: "Anauliza, baba unajisikiaje kumsindikiza mama?"

Nikasema najisikia vizuri.

Nyemo, kazi yetu umezaliwa ndani yake, lakini ngoja niiseme kama kwa mtu mgeni, maana ukiizoea hutaona ilipo hatari yake. Mwanamke haitengi ilimba, hapangi yeye sauti za vyuma vyake. Anaichukua sauti anavyoikuta. Chuma ukikigonga ncha kikaingia ndani, sauti inapanda. Ukikitoa nje, inashuka. Mwenye kinyundo ndiye anayeamua wimbo utasimama wapi, na mwimbaji hawezi kujua mpaka ameshaingia. Mama yako alikuwa akisema, "Masikio ni yako, Baba Nyemo, mimi nina koo tu." Kila siku kabla hatujatoka alinipa koo lake hivyo, bila kuliulizia.

Kesho yake baada ya yule mwandishi wa redio, siku ya Jumapili, tuliimba mchana katika ukumbi wa kanisa. Kulikuwa na baridi, theluji imelala madirishani. Roda alikwenda kunywa chai na wenyeji, nikabaki peke yangu kwenye chumba cha nyuma na ilimba na kinyundo. Nikaanza kugonga. Sikuwa na hasira. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilikuwa na utulivu wa mtu anayechambua mchele. Kila chuma nilikigonga kidogo, na vile vya juu mara mbili. Nilijua kipimo chake cha koo kuliko mtu yeyote duniani, nilijua kinapoishia, na nikaipandisha ilimba ikapita hapo kwa upana wa ukucha. Nilitaka ashindwe mara moja tu. Wamuone akishindwa, halafu wanitazame mimi.

Tuliimba ule wimbo wa mama anayewaita mbuzi wake waliobaki kilimani, ule ule mnaouimba ninyi. Alipoingia tu niliona uso wake umeshtuka. Akanitazama. Nikatazama vidole vyangu. Akaendelea, akidhani tutashuka, na tulipofika kwenye mwito akaufuata mpaka juu kwa sababu hakuwa mtu wa kukwepa. Sauti ikapasuka. Mtu mwingine angeimba chini, au angenyamaza niende na vyuma peke yangu. Yeye akarudia. Mwito unakuja mara tatu katika wimbo ule, na mara zote tatu akaufuata. Mara ya tatu haikutoka sauti, ulitoka upepo.

Watu walipiga makofi, tena kwa nguvu, wakasimama. Kwa hiyo hata hilo nililotaka sikulipata. Kwenye chumba cha nyuma nikamwambia, "Pumzika, mke wangu. Sauti yako leo haiko sawa."

Asubuhi hakuwa na sauti kabisa. Daktari alimwambia asiseme kitu kwa siku kumi. Zilikuwa zimebaki shughuli nne. Niliimba mimi. Nilipata jukwaa lote, Nyemo, na taa zote. Nikasema Mbukwenyi, wakaitika wachache, kwa adabu. Kwenye wimbo wa pili nilianza kuona watu wakivaa makoti yao taratibu. Nyuma yangu mama yako alikuwa anapiga muheme, hawezi kusema, na kila nilipokosea alinifunika kwa ngoma ili nisionekane. Alifanya hivyo siku zote nne.

Siku ya kumi tulikuwa kwenye ndege. Sauti ilikuwa imeanza kurudi, ya mkwaruzo. Neno la kwanza aliloniambia alilisema ameangalia mikono yake. "Nisamehe, Baba Nyemo. Koo langu limekuangusha mbele za watu."

Ningeweza kusema pale. Tulikuwa wawili, hakuna aliyejua lugha yetu ndege nzima. Nilifungua mdomo, nikajisikia nikisema, "Haya, yamekwisha. Nimekusamehe."

Nimeandika barua nzima hii ili nifike kwenye maneno hayo. Kupandisha ilimba lilikuwa kosa la dakika kumi. Lile la ndege nimelirudia kila siku tangu siku ile, kwa kunyamaza. Mwaka uliofuata tuliitwa tena, nchi mbili. Akakataa. Akasema atanitia aibu, koo lake halina dhamana. Nilimbembeleza kidogo, si sana, kwa sababu nusu yangu iliona nafuu. Wakaacha kutuita. Kanisani akahamia mstari wa nyuma wa kwaya, akaimba sauti ya chini pamoja na wazee. Na kuna jambo ambalo wewe umelikuta likiwa hivyo ukadhani ndivyo lilivyo: mbuzi. Wanawake wote hapa wanasimama mlangoni na kuwaita. Mama yako anachukua fimbo na kuwafuata mpaka waliko, hata wakiwa ng'ambo ya korongo, hata goti likimuuma. Amekuwa akitembea hivyo tangu tuliporudi, nami namwona kila siku akipita na fimbo yake.

Usidhani wivu uliniisha baada ya kupata nilichokitaka. Uliendelea tu, ukatafuta kazi nyingine. Nimewahi kumwonea wivu kwa jinsi ulivyomlilia yeye ulipovunjika mkono. Namwonea wivu sasa hivi kwa jinsi Upendo anavyomwita mama kabla hajaniamkia mimi. Sijui dawa yake, na kama ningeijua ningekuwa nimekunywa. Ninachojua ni kwamba ukiwa nao unatakiwa kuweka mikono mahali inapoonekana. Mimi nilikuwa na wivu na nilikuwa na kinyundo, na nikaachwa navyo chumbani peke yangu.

Nimesikia bajaji inasimama. Wamerudi. Naiweka barua chini ya godoro.

*

Nimerudi, jua limeshuka kwenye matawi ya mwarobaini. Mwandiko utauona umebadilika.

Upendo alikwenda kuoga. Mama yako alikaa kwenye kigoda akaanza kupepeta karanga, akinieleza jinsi walivyotaka kupunjwa kipimo pale sokoni. Nilikuwa nimepanga nikuandikie wewe tu, nimalize, nikupe ukasome kwenye ndege. Lakini nilimtazama akipepeta nikaona nimekuandikia jambo la mama yako na yeye mwenyewe halijui, kwamba nakwenda kukufanya wewe ulibebe na ulifiche kama nilivyolificha mimi. Nikamwambia, "Mama Nyemo, kule Ujerumani ile ilimba niliipandisha kwa makusudi."

Aliendelea kupepeta. Nikadhani hakunisikia. Nikamweleza yote, chumba cha nyuma, vyuma, ukucha, tangazo kwenye pipa. Sikumwambia kwa nini, akaniuliza yeye, nami nikasema kwa sababu walikuwa wanakutazama wewe. Ungo ukasimama magotini.

"Kumbe koo langu lilikuwa zima," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeambiwa kwamba mtoto aliyezikwa hakuwa wake. Nilimuomba msamaha. Hakunijibu, na sikumhimiza, kwa sababu najua jinsi jibu hilo linavyoweza kutolewa upesi na mtu asiyestahili kulitoa. Aliinuka, akaumimina ungo kwenye mfuko, akafunga fundo. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kinyundo mkononi. Akapita mbele yangu mpaka kwenye mlango wa chumba chenu, akamngoja Upendo atoke bafuni, nikamsikia akimwambia, "Mwanangu, hiki ukae nacho wewe. Anayeimba ndiye akae nacho." Upendo akauliza, "Mama, mbona mimi sijui kuitenga?" Mama yako akasema, "Huhitaji kujua. Kiweke tu kwenye mkoba wako, karibu na pasipoti."

Kisha akatoka kwenda kufuata mbuzi. Nilimwona amefika kwenye boma la miiba, akasimama. Mbuzi walikuwa mbali, karibu na lile tuta la reli, madoa tu. Nikajua atarudi kuchukua fimbo, ilikuwa imeegemea hapa karibu na mguu wangu. Nikaishika nimpelekee.

Akaita.

Mara ya kwanza ilikwaruza, ikakatika. Mwanamke wa jirani alisimama na ndoo yake. Mara ya pili ikapanda, Nyemo, si kama zamani, nisikudanganye, ina kutu na ina umri, lakini ilipita pale nilipoukata wimbo siku ile, ikaendelea. Mbuzi waliinua vichwa wote pamoja. Upendo alitoka mbio na taulo kichwani akauliza nani yule. Mimi nilikuwa nimesimama na fimbo, na unajua nilichokisikia kifuani? Wivu. Palepale, machozi yakinitoka, nikasikia wivu kwamba watu wote wa mtaa wanamsikiliza yeye. Kwa hiyo usisome barua hii ukadhani baba yako amepona. Niliitupa ile fimbo chini, nikaweka mikono nyuma, nikakaa.

Mama yako ameingia jikoni. Anasonga ugali. Sijui kama kesho stesheni atasimama upande wangu au upande wenu. Hilo ni langu, usilichukue.

Lako ni hili. Ya jana sijamwambia Upendo, wala mama yako sijamwambia. Mimi nimechelewa zaidi ya miaka ishirini, wewe una kuanzia sasa mpaka treni ya asubuhi. Vile vyuma vitatu viko kama ulivyoviacha. Nilitaka kuvirudisha mwenyewe kabla hujafika, ili mambo yaishe kimya kimya, lakini nimeishi na mambo yaliyoisha kimya kimya. Kwa sauti hiyo mkeo hataumaliza mji wa kwanza, na hilo wewe unalijua kuliko mimi, kwa sababu kipimo cha koo lake ni wewe unayekijua.

Kinyundo usikitafute kwenye mfuko wa ilimba. Kiko kwa Upendo. Ukikihitaji muombe, naye atakuuliza unakitaka cha nini.

Mimi baba yako,
Yona, mume wa Roda